Nyama Chini ya Kifuniko

Jumatatu, 1 Juni 1998

Sikukuu ya Madaraka. Siku nzuri ya mtu kujitawala! Madam Aoko ametangaza kwamba baa yake hapa Kisumu Ndogo imepata televisheni ya rangi kwa ajili ya Kombe la Dunia, na anataka mchoma nyama pale barazani. Mmoja tu! Jumamosi tutachoma mbele ya wateja, mimi na Kavoi, kisha aamue.

Kavoi wa watu. Ana nusu pipa, wavu wa waya na kisu. Basi. Namhurumia.

Nimemwambia mke wangu Christine kwamba baraza ni yetu, na lile beseni analochuuzia dagaa wa omena ataliaga. Akasema ahadi kama hiyo huipata kila mwaka. Lakini alitabasamu kidogo. Niliona.

Jumanne, 2 Juni

Nyama ni nyama tu. Siri iko kwenye jiko. Nimechagua jiko la udongo, kama yale madogo ya nyumbani yanayotunza makaa, ila langu ni kubwa kama karai la kuogeshea mtoto. Udongo nimeuchimba mwenyewe kule Silanga, kando ya bwawa. Fundi mmoja wa majiko alipita akaniambia udongo hukaushwa kwanza, tena polepole, hasa na baridi hii ya Juni. Wivu! Nimewasha moto jioni hii hii.

Limepasuka. Mlio kama wa risasi! Majirani walilala chini. Kipande kimoja kimetua ndani ya sufuria ya jirani yetu Mideva, na sasa anauliza nani atakula ugali wenye kokoto.

Jumatano, 3 Juni

Udongo ni mambo ya zamani. Dunia imehamia kwenye moshi. Shemeji yangu Ogola, mpishi wa Mzungu mmoja kule Lavington, anasema wenzetu hutundika nyama ndani ya pipa na kuifukiza taratibu kwa vijiti vya mti. Pipa? Tunalo! Lile la maji. Nimemwaga maji, nikatoboa matundu. Vijiti nimeokota vya mkaratusi.

Christine amerudi akakuta hakuna maji, wala pipa la kuyawekea. Nikampa kipande aonje, apoe. Akasema ni kama kutafuna dawa ya kikohozi. Halafu, kwa ile sauti ya chini nisiyoipenda, akasema kitu kingine kikitoka nyumba hii kwenda kwenye majaribio yangu, kitakachofuata kutoka ni yeye.

Hasira zake huwa fupi. Na kifua changu, niseme ukweli, kimefunguka.

Alhamisi, 4 Juni

Nimelipata! Mzungu wa Ogola amerudi kwao na kumwachia jiko la duara, miguu mitatu, kifuniko juu, na vitundu vya hewa vya kufungua na kufunga. Ukilifunika, nyama inaiva pande zote kwa pamoja. Huhitaji hata kugeuza. Kavoi kwisha!

Ogola hakutaka kulitoa bure. Tumebadilishana na redio yetu. Nimemwambia Christine redio iko kwa fundi.

Jumamosi, 6 Juni

Nyama yangu ilikuwa bora. Hilo lieleweke kwanza.

Oloo, seremala na mnywaji mkuu wa baa ile, alichagua mbavu za mbuzi akanikabidhi. Nikaziweka, nikafunika. Akauliza mbavu zake ziko wapi. Nikasema zinaiva. Akataka kuziona. Nikamweleza kwamba ukifunua, joto linatoroka. Akasema hata marehemu hufunuliwa watu wamwone. Wenzake wakacheka, wakahamia kwa Kavoi.

Huko ilikuwa fujo tupu! Moshi machoni, mafuta yanadondoka, kila mtu anaelekeza kidole: geuza hapo, ongeza chumvi pale. Kila mara Kavoi anakata kipande cha kuonja, anakiweka kwenye ubao, watu wanagombania. Na bia zinaagizwa. Ushamba!

Nikafunua kwa madaha. Mbavu zilikuwa rangi ya dhahabu. Oloo akaziangalia, akaniangalia mimi, akasema hizi si zake. Zake zilikuwa kubwa. Nikamwambia nyama yoyote hupungua motoni. Akasema ya Kavoi imepungua mbele ya macho yake, hana ugomvi nayo. Hii imepungua gizani. Akanitaka nitoe mifuko nje. Nikaitoa! Mbele ya baa nzima!

Madam Aoko alionja, akalamba vidole, akakiri hajawahi kula mbuzi laini namna hiyo. Kisha akampa Kavoi baraza. Akanieleza polepole kwamba yeye huuza bia, na watu hunywa wakiwa wamesimama wanaitazama nyama yao ikiiva. Mimi nimewafunikia cha kutazama.

Christine alikuwa nyuma ya watu na beseni lake. Alijitwika tu, akaenda. Hilo liliniuma kuliko habari ya mifuko.

Jumapili, 7 Juni

Kavoi amekuja asubuhi. Anaomba nimsaidie kupepea moto na kukata vipande vya kuonja siku zote za mechi, tugawane faida. Ni wazi ananiogopa. Christine ameniambia nikubali, na leo hii hii nimrudishie Ogola dubwana lake, nilete redio. Kumbe alijua! Nimesema ndiyo kwa yote mawili. Akaenda kanisani karibu anatabasamu.

Lakini nimeyatafakari maneno ya Madam Aoko. Watu wanataka kutazama. Basi dawa ni kukitia kifuniko dirisha! Wataitazama nyama kama televisheni. Kavoi atakuja kunipepea mimi.

Tundu nimeshalikata. Kioo nacho nimepata, saizi yake kabisa, kutoka kwenye picha yetu ya arusi.

Na sijavunja agizo la mtu. Picha bado iko ukutani. Kilichotoka nyumbani ni kioo tu.