Katibu Anakula Matangazo

Jumatatu, 2 Julai 1984

Tangazo la kata limeliwa tena! Lilibandikwa asubuhi kwa gundi ya uji wa muhogo ubaoni pale ofisini; kabla jua halijawa kali, tangazo limebaki pembe moja tu. Lilihusu fisi aliyeonekana machinjioni. Sasa hapa Kahama hatujui fisi kaelekea wapi. Mzee Ngassa, mwenyekiti wetu, amefoka mpaka kofia ikamdondoka. Anamtafuta mwenye mbuzi.

Mwenye mbuzi ni mimi.

Mbuzi wangu anaitwa Katibu, maana hakuna karatasi inayopita mbele yake asiipitie. Jina kapewa na mke wangu, Febronia. Asichojua Febronia ni kwamba kila alfajiri mimi ndiye ninayemfungua Katibu na kumwelekeza ofisini. Ni mpango! Matangazo yakiliwa, watu hawasomi. Wasiposoma, itabidi wasomewe. Na ofisi imeletewa kipaza sauti cha mkononi, chekundu, kinang'aa. Nimekichungulia dirishani. Nimerudi nyumbani sina hamu hata ya ugali.

Niseme ukweli, kwa kuwa daftari halimkatizi mtu. Tangu nioe sijamaliza sentensi nyumbani mwangu. Naanza mimi, anamaliza Febronia. Hata kanisani naanza Baba Yetu, yeye keshafika Amina. Lakini mtu mwenye kipaza sauti, nani atamkatiza?

Jumanne, 3 Julai

Mambo safi! Mzee Ngassa ametoa habari kwamba Jumamosi, siku ya Sabasaba, kata itachagua mtangazaji wa usalama. Watu watapanga mstari nyuma ya wamtakaye. Kazi yake kuwasomea wakazi habari: zamu za ulinzi wa Sungusungu, wageni waripoti kwa balozi wa nyumba kumi, maji yachemshwe, fisi yuko wapi. Kazi yangu hiyo! Nimeumbiwa!

Nikakimbilia nyumbani kumweleza Febronia. Nikaanza: mke wangu, leo bwana... Akamalizia kwamba leo nimesahau tena chumvi. Na kweli nilikuwa nimeisahau.

Jioni, balaa. Gelasius naye anagombea! Fundi baiskeli yule, ndiye sauti ya nne kwenye kwaya yetu. Akikohoa, kuku wa jirani wanaingia ndani. Nimemwambia kwa upole kwamba kazi hii inataka kichwa. Akajibu kwamba anacho, tena kimekaa juu ya koo. Watu wakacheka. Sikuona cha kuchekesha.

Jumatano, 4 Julai

Kampeni. Nimechukua faneli yetu ya mafuta ya taa, nimepanda juu ya pipa sokoni, nimetangaza habari za fisi. Wakasimama watu wachache. Nikaona fisi mmoja hatoshi, nikawafanya watatu. Watu wakaongezeka. Nikatia na chui. Umati! Raha iliyoje! Akina mama wameshika vifua, wazee wamenyoosha shingo, wote wananisikiliza mimi, na hakuna hata mmoja anayenimalizia!

Akauliza mmoja chui huyo kaonekana wapi. Ulimi ukateleza, nikasema yuko nyuma yenu. Ole wangu! Walikimbia wote kwa pamoja, wakapita juu ya mikeka ya Mama Mwamvua, mchuuzi wa dagaa kutoka Nkome. Dagaa wakawa unga. Gelasius akapanda pipa langu, bila faneli, akawaambia hakuna chui ila mwongo mmoja. Walimsikia hadi kituo cha basi. Wakampigia makofi.

Midomo yangu inanuka mafuta ya taa. Febronia amenikataza kukaa karibu na jiko.

Alhamisi, 5 Julai

Nimepata wazo! Tena wazo lenyewe! Sauti si kitu. Ushujaa ndio kitu.

Kwetu mtu akiibiwa mfugo anapiga mwano. Anayesikia lile yowe analipokea, analipaza kwa jirani, kisha anatoka na upinde wake. Asiyetoka anatozwa faini. Na hakuna kurudi nyumbani mpaka mnyama apatikane. Basi kesho nitamficha Katibu kwenye lile ghala bovu la pamba. Nitapiga mwano. Wanaume wa mtaa watakuja. Nitainama, nitagusa vumbi, nitasoma nyayo, nitawapeleka moja kwa moja hadi ghalani. Nani tena atapanga mstari nyuma ya fundi baiskeli?

Nimecheka peke yangu mpaka Febronia akanishika paji la uso. Nikaanza: mke wangu, kesho utaona... Akamalizia kwamba kesho nitaona daktari.

Ijumaa, 6 Julai

Naandika nikiwa nimefunga mlango. Wanacheka mpaka barabarani.

Asubuhi mambo yalikwenda vizuri. Katibu nilimfunga ghalani kwa kamba ya katani, nikamwachia majani mabichi. Nikarudi uani, nikapiga mwano. Nilipiga! Kumbe nami nina koo! Mtaa ukaupokea. Wanaume wakajaa uani na pinde zao, na Gelasius yumo. Ndiyo kwanza nainama kusoma nyayo, nikasikia mwano mwingine kwa mbali. Kijiji cha jirani kimepokea. Mara kikapokea cha pili yake. Nikawaambia jamani inatosha, tunatosha! Nani anasikia? Mwano ukishatoka haurudi.

Wakaanza kuingia watu nisiowajua, vifua wazi, vumbi mpaka kwenye kope. Wengine kwa baiskeli, wengine wamedandia lori la mpunga. Mzee mmoja aliyetoka upande wa Tinde akanisalimu mwangaluka, akauliza wameibwa ng'ombe wangapi. Nikamnong'oneza kwamba ni mbuzi. Akauliza mbuzi wangapi. Nikajifanya nakohoa.

Mzee Ngassa akaamuru wote waende ofisini awapange kwa vikosi. Ubaoni palikuwa na tangazo jipya, uji haujakauka. Mimi nilisimama kwenye ngazi, mikono kiunoni, nikieleza jinsi mwizi alivyokuwa mrefu, mwenye macho mekundu. Ndipo umati ukaachia njia.

Katibu! Anakuja zake polepole, kipande cha kamba kinaning'inia shingoni. Mbuzi anayekula karatasi, kamba ya katani itamshinda? Akapita katikati ya pinde zote, akasimama kwa miguu ya nyuma, akaanza kula tangazo kuanzia juu.

Hata Gelasius hakukohoa.

Nikasema: ndugu zangu, mbuzi huyu si... Febronia akamalizia kutoka nyuma ya umati kwamba si mwingine, ni Katibu wetu! Akaitambua na kamba yangu shingoni, akamwita mbuzi kwa jina. Katibu akaitika, mdomo umejaa tangazo.

Vijana wakanisogelea. Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ubao. Na mwano bado ulikuwa unasambaa huko vijijini, watu wanazidi kuja! Mzee Ngassa alipaza sauti, ikakatika. Gelasius alijaribu, akaishia kukwaruza koo. Febronia akapanda ngazi, akaweka viganja mdomoni, akatangaza: mbuzi kapatikana, mwizi ni mume wangu, rudini makwenu! Mungu wangu, sauti ile! Kijiji cha jirani kiliisikia, kikaipokea, kikaipeleka mbele. Wazee wanasema hawajawahi kuona mwano ukirudishwa.

Hukumu ikatolewa hapo hapo. Wageni walishwe wali wa mpunga wa ghala letu la nyumbani. Katibu ametaifishwa, sasa ni mali ya kata. Mimi nimetengwa mpaka mwezi uandame: nisisalimiwe, nisijibiwe, nisiazimwe hata kijinga cha moto.

Jumamosi, 7 Julai. Sabasaba

Nilikwenda hata hivyo. Kutengwa si kunyang'anywa haki ya kugombea. Nikasimama mahali pangu. Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Nyuma ya Gelasius mstari ulifika kisimani.

Mara yule mzee wa Tinde, aliyelala hapa kwetu akisubiri wali, akauliza: yule aliyerudisha mwano mbona hagombei? Minong'ono. Mstari ukalegea, ukapinda, ukaenda kujipanga nyuma ya Febronia aliyekuwa kando akikoroga sufuria la wageni. Aligeuka, akaona watu wote wale, akadhani wanataka chakula. Akawaambia wasubiri, hakijaiva. Gelasius mwenyewe alikuwa kwenye mstari!

Akakabidhiwa kipaza sauti changu. Chekundu! Betri hakina, betri hazijaonekana Kahama tangu Pasaka. Akasema haidhuru. Akasoma habari za fisi, nadhani hata fisi mwenyewe alisikia.

Jioni tulibaki wawili. Nikakumbuka: haruhusiwi kunijibu! Nafasi ndiyo hii! Nikakaa vizuri, nikaanza: mke wangu, leo nilivyokuona umesimama pale mbele ya watu, mimi moyoni... Nikangoja. Febronia amefunga mdomo. Nikangoja tena. Lo! Kumbe sijui sentensi inaishaje! Sijawahi kumaliza hata moja. Nilikaa pale mdomo wazi, na nyumba ilikuwa kimya vibaya. Nilitaka kulia.

Akanitazama. Akainuka, akachukua kipaza sauti kisicho na betri, akaugeukia ukuta. Akatangaza kwamba wakazi wote wanaarifiwa kuwa Telesphori alifurahi moyoni kumwona mkewe, ila anaona haya kusema. Na kwamba ugali uko tayari. Tangazo si jibu, alisema, akiuambia ukuta. Sheria haikuvunjwa.

Nimekula vizuri sana. Mke ninaye.

Kipaza sauti kakiweka juu ya kabati. Kesho anakwenda misa ya kwanza, mimi nimetengwa, hakuna wa kuniuliza niko wapi. Na baba mkwe ana fahali mkubwa, mtulivu, ambaye maishani mwake hajagusa karatasi. Lile ghala bovu la pamba nalo liko tupu.

Safari hii natumia mnyororo.