Kwa Mwenye Nyumba Aliyenichafulia Jina Ili Nisihame

Biryogo, Kigali
Agosti 1992

Kwa Mheshimiwa Mzee Yusufu Mugenzi, mwenye nyumba wangu,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta salama, tena najua itakukuta salama, kwa sababu hivi ninavyoandika nakusikia upande wa pili wa ukuta ukikohoa na kuzungusha redio kutafuta stesheni. Ningeweza kukuita tu. Lakini jambo lenyewe ni zito, nami nimeona haifai kulipigia kelele uani mbele ya majirani, ambao tayari wanalijua. Basi naandika kwa heshima zote, kama mpangaji kwa mwenye nyumba wake, kukushitaki kwako wewe mwenyewe.

Mzee wangu, umenichafulia jina.

Nianze mwanzo kabisa, usije ukasema kinyozi ameruka sehemu. Unajua kwamba Kaliza, yule binti anayeuza vitenge sokoni, alikubali kuolewa nami kwa sharti la vyumba viwili. Alipokuja kukiona chumba changu alisimama mlangoni, akalitazama pazia nililotundika katikati, akasema, "Hamisi, chumba kimoja chenye pazia si nyumba, ni wodi." Ndipo nikasikia kwamba Madamu Cécile wa Muhima, yule karani mstaafu mwenye miwani ya mnyororo, ana nyumba iliyobaki wazi: vyumba viwili, jiko lake peke yake, na bomba lisilo na foleni. Tena iko karibu na saluni yangu. Nikavaa koti la harusi za wenzangu, nikaenda.

Tulikuwa watatu tulioitaka. Mmoja, kijana wa ofisini mwenye tai, aliondolewa papo hapo kwa kuwa alikagua choo kabla hajamwamkia mwenye nyumba. Tukabaki mimi na Nzeyimana, fundi pikipiki wa mtaa wa Gitega. Madamu Cécile alitutazama kwa zamu. Hakuuliza chama wala hakutaka kuona vitambulisho vyenye kabila zetu, na kwa siku hizi tulizo nazo nilimshukuru Mungu kimoyomoyo. Alisema tu, "Mutu hawezi kujishuhudia yeye mwenyewe. Mimi nitaenda kuuliza wenye nyumba wenu."

Nilirudi Biryogo nikiimba. Nani mwingine ana mwenye nyumba kama wangu? Mimi ndiye ninayekunyoa kichwa kila Ijumaa bila kudai chochote. Mimi ndiye ninayekusomea barua za mwanao wa Bujumbura, na kuziruka zile sehemu anapoomba pesa. Mimi ndiye ninayesikiliza jinsi breki za lori lako zilivyokatika pale Rusumo, ingawa kila ukisimulia zinakatika mahali pengine. Nikaihesabu nyumba kuwa yangu, nikaanza hata kulikunja pazia.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Madamu Cécile alikwenda Gitega kwanza. Mwenye nyumba wa Nzeyimana alimsifu mpangaji wake mpaka machozi yakamtoka. Alisema hajapata kuona kijana mtulivu vile, na kwamba akihama nyumba itakuwa kama imefiwa. Maneno hayo aliyasema akiwa ameegemea mkokoteni ambao tayari ulikuwa umepakiwa godoro la Nzeyimana.

2. Kisha akaja kwako. Ulimpa chai ya tangawizi na kile kiti kizuri. Alipokuuliza habari zangu, ulitikisa kichwa kama mtu aliyepokea simu ya msiba. Ulimwambia kwamba napiga ngoma usiku kucha. Kwamba nanyolea wateja chumbani, na nywele zinaruka hadi kwenye sufuria za majirani. Kwamba nafuga beberu chini ya kitanda. Kwamba nina mke Bukavu na mwingine Kampala, na siku walipokutana hapa uani walipigana hadi wakavunja dirisha. Mzee, dirisha lile ulilivunja wewe kwa ngazi, na mimi ndiye niliyekushikia ngazi.

3. Hili nimelifuta. Lilihusu yale uliyoyasema juu ya soksi zangu, na nimeona yana ukweli ndani yake.

4. Nyumba akapewa Nzeyimana. Hilo peke yake ningelimeza. Lakini Madamu Cécile hununua vitenge vyake kwa Kaliza! Hakujua kwamba ndiye mchumba wangu. Alikuwa anapiga soga tu huku akichagua rangi. Jioni ile nilipopita sokoni, Kaliza alikuwa anakunja vitambaa kwa nguvu kama anayekamua nguo. "Wasalimie Bukavu," akaniambia. "Na Kampala pia." Tangu siku hiyo akiniona anageuka na kuzungumza na mteja, hata kama mteja hayupo.

5. Hapa ndipo kesi yangu inapokuwa kubwa, nakuomba uvae miwani.

Nilikaa nikafikiri. Nikaona wazi jinsi wenye nyumba wa mji huu wanavyochagua watu: mpangaji mbaya husifiwa ili aondoke, na mpangaji mwema hutukanwa ili abaki. Basi njia ya kupata sifa kwako ilikuwa moja tu, nayo ni kuwa yule mtu uliyemsimulia. Nikaanza kazi.

Niliazima ngoma kwa kikundi cha harusi, nikaipiga tangu alasiri, vibaya kadiri ya uwezo wangu. Ulitoka na kiti chako, ukakaa, ukaniomba nipige ile ya Ujiji aliyokuwa akiipenda marehemu mkeo. Ulipoanza kujifuta macho nilishindwa kuendelea kupiga vibaya. Nikanunua beberu, nikamlaza chini ya kitanda, nikavumilia harufu ambayo mpaka leo wateja wangu wanaiulizia. Wewe ukaanza kumletea maganda ya viazi, ukampa jina la Taniboi kwa kuwa husimama nyuma yako kama wale wasaidizi wa malori. Sasa anakufuata hadi mlango wa msikiti na kukungoja. Nikaacha kulipa kodi. Siku ya kulipa ilipopita, nikasikia mlango unagongwa, nikajua leo natupiwa vyombo nje. Ulikuwa umeshika sahani ya pilau. "Najua mambo ni magumu, mwanangu," ukasema. "Kula kwanza."

Mzee Mugenzi, nakuuliza kwa adabu: mtu afanye nini ili afukuzwe katika nyumba yako?

6. Baada ya kushindwa uovu, nilimwendea Kaliza na hoja. Nilimweleza mbele ya wauza nyanya wote kwamba kutukanwa na mwenye nyumba ndicho cheti kikubwa cha tabia njema ambacho mtu anaweza kupata katika mji huu. Kama mzee amenizulia wake wawili, nikamwambia, basi hebu pima mwenyewe thamani yangu; na angenizulia wanne, ningekuwa mume wa kugombewa. Mama Mutesi wa nyanya alikubaliana nami. Kaliza hakukubali. Aliinua mkono kunikatiza. "Vizuri," akasema. "Mimi pia nitakwenda kumuuliza mwenye nyumba wako." Na jinsi alivyolisema, niliogopa zaidi kuliko siku wembe uliponiteleza kichwani mwa afisa wa jeshi.

Kwa hiyo nadai mambo matatu. Kwanza, Kaliza akija, useme kwa kinywa chako kwamba Bukavu sijawahi kufika, na kwamba Kampala naijua kwa redio tu. Pili, unisifu mbele ya Madamu Cécile kwa sifa zisizopungua zile za Nzeyimana, na machozi yawepo; ukikosa, nitakuletea kitunguu. Tatu, unifukuze kabla ya mwisho wa mwezi, kwa sauti, ili mtaa mzima usikie kwamba nimefukuzwa kwa haki.

Usipotekeleza, nitampelekea konseye, mkuu wa sekta yetu, pendekezo langu, kwamba kuanzia sasa ushahidi wa mwenye nyumba usomwe kichwa chini miguu juu. Aliyesifiwa anyimwe nyumba. Aliyelaaniwa apewe ufunguo, na aliyelaaniwa zaidi apewe yenye bomba. Utaratibu huo ukifaulu kwenye nyumba, utumike pia katika kutoa vyeo ofisini, ingawa nasikia huko wameshautumia kwa miaka mingi bila kuniuliza.

Nisamehe kama kuna neno limekuparuza. Kinyozi naye mkono humteleza. Salamu zangu ziwafikie mwanao wa Bujumbura na watoto wake, majirani wote wa uani, Mama Mutesi ukimwona, na huyo Taniboi, ambaye ni wangu kisheria.

Wako katika uchungu na katika kodi,

Hamisi Gatera
Kinyozi, Muhima

Nyongeza ya baadaye. Mzee wangu, barua hii nilikuwa nimekwisha kuifunga na kwenda nayo kazini. Leo asubuhi Madamu Cécile ameingia saluni, miwani ikining'inia kifuani. Nzeyimana amefanya sebule kuwa gereji. Mafuta machafu yamepanda ukutani hadi kwenye picha ya marehemu mume wake, na amefunga kuku kwenye bomba. "Sasa mimi naelewa," akasema. "Yule wa Gitega alilia juu ya furaha. Na muzee yako alidanganya mimi. Musiyo Hamisi, nyumba iko yako." Akaweka ufunguo mezani, kati ya brashi na poda.

Nilikuwa ninaunyoshea mkono ndipo Kaliza akaingia, chokaa kwenye viatu. Alikuwa ametoka kwako. Ameniambia yote. Kwamba ulikiri kabla hata hajakaa. Kwamba ulisema ulidanganya kwa sababu tangu mama afariki hakuna mwingine wa kuongea naye uani, na uliona haya kuniomba nisihame. Kwamba umekifungua kile chumba cha marehemu, kilichofungwa tangu msiba, ili nasi tuwe na vyumba viwili; umetoa vitu vyake vyote, na nyinyi wawili mmekwisha kupaka kuta mbili.

Nikamwonyesha ufunguo. Aliutazama kidogo tu, kisha akaninong'oneza, "Na huko Muhima, nani atamzulia mume wangu uongo namna hiyo ili asiondoke?"

Basi nikamgeukia Madamu Cécile nikamwambia kwamba mzee wangu ni mcha Mungu na hajawahi kusema uongo. Ngoma ni kweli, beberu ni kweli, na yule mke wa Kampala anafika Alhamisi na ndugu zake. Ameuchukua ufunguo wake na kuondoka bila hata kuaga.

Nakuachia barua hii hivyo hivyo kwa sababu karatasi ni ghali. Jioni nitakuja kupaka ukuta wa tatu. Na Madamu Cécile akirudi tena kuuliza habari zangu, Mzee, nakuomba sana, usinisifu.