Bati Lisubiri Shirika

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Kuta zimefika juu! Vyumba vinne, hapa Kasha, kwenye mteremko, kila mpita njia anaviona. Ni za matofali mabichi, kweli, lakini zimenyooka. Sisi wanne bado tunabanana katika chumba kimoja cha mbao pembeni ya kiwanja: mimi, Yolande na watoto, Olive na Élie. Nikigeuka kitandani, nyumba nzima inageuka. Élie anaandikia kazi za shule juu ya kifuniko cha ndoo. Si neno! Mabati yapo, yameegemea ukuta. Fundi Christophe ataezeka Jumatano. Yolande amemwambia awahi, mvua iko njiani na matofali mabichi hayajui kuogelea.

Jumanne, 3 Septemba

Wazo! Limenijia nikinyoa ndevu. Kila Alhamisi shirika letu, majirani wa parokia, linasali nyumbani kwa mmoja wetu. Yaani kwa Aloys. Daima Aloys! Eti ana sebule. Wiki iliyopita aliniambia mbele ya watu: "Papa Olive, siku utapata fasi ya kukalisha hata nyau, utatuita." Basi nimewaita. Kiongozi wa shirika amekubali!

Ila bati lisubiri hadi Ijumaa. Watu wakikuta nyumba imeezekwa, watakunywa chai na kuondoka. Wakikuta iko wazi, wanaume watajitolea kupandisha mbao. Na sala itapanda bila kizuizi.

Jumatano, 4 Septemba

Christophe amekuja na ngazi na watu wake. Nimewarudisha. Akanionyesha mawingu upande wa Walungu. Nikamwambia mawingu ni ya Mungu. Yolande akasema mabati pia ni ya Mungu, na hakutupatia ili yaegemee ukuta. Hoja nzuri. Nikaenda kuazima viti.

Alhamisi, 5 Septemba

Wamejaa! Wengine wamesimama milangoni, maana milango haipo. Aloys alizunguka chumba hadi chumba, mikono mgongoni. Akasema ni nyumba nzuri, inakosa tu kichwa, kama mwenyewe. Watu wakacheka. Nami nikacheka. Mwenyeji lazima awe mkarimu.

Zikafika nia za sala. Maman Rosalie, mjane mwenye shamba Walungu, akasimama: maharagwe yake yamelala kwenye vumbi, ndege wanayafukua, tumsaidie kuomba mvua. Kiongozi akafurahi mno. Kwa kuwa hatuna bati, akasema, tutazame mbingu yenyewe! Na desturi yetu ni moja: mwenye nyumba ndiye anayeongoza kiitikio.

Nikaongoza. "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Kimoyomoyo nikaongeza: Walungu tu. Aloys akadakia kwamba tusimwekee Mungu mipaka, na Kasha pia bomba zimekauka. Nikaongoza tena. Sauti yangu ilifika barabarani! Yolande peke yake hakuitikia.

Lakini wanaume wanne wamejitolea kubeba mbao. Nilisema mimi!

Ijumaa, 6 Septemba

Imenyesha. Walungu, Kasha, kote.

Christophe hakuweza kupanda, mteremko umekuwa sabuni. Wale wanaume wanne sikuwaona. Kuta zikaanza kunywa maji. Yolande alishika bati upande mmoja, Olive upande wa pili, wakalilaza juu ya ukuta, Élie akapitisha mawe ya kulikandamiza. Kisha la pili. Kisha la tatu. Nikapanda kuwaongoza. Aloys akaja mbio na turubai lake akipiga kelele: "Shuka, Papa Olive! Utaangusha na kuta zile zimebaki!" Nikashuka.

Tulipofika kwenye chumba cha nne, kile cha kulala mimi na Yolande, ukuta wa nje ulikuwa umeshalala. Laini kama ugali. Kuta nyingine zimesimama. Yolande alikaa juu ya ndoo, matope hadi magotini, akaniuliza kama nimeridhika. Nikasema vyumba vitatu ni zaidi ya kimoja.

Jumamosi, 7 Septemba

Jua! Christophe amekuja, na Aloys, na wale wanne, kwa aibu. Vyumba vitatu vimeezekwa! Tumehamia! Watoto wana chumba chao, wameimba hadi sauti zikawakauka. Cha tatu ni jiko, basi sisi wawili tunalala sebuleni kwa sasa. Christophe anasema Jumatatu atainua ukuta ulioanguka, na mabati ya chumba chetu yapo. Yolande ametabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Ametaka kitu kimoja tu: chumba chenye mlango wa kufunga.

Jumapili, 8 Septemba

Ushindi! Baada ya Misa, wakati wa matangazo, Maman Rosalie ameomba neno. Maharagwe yameanza kuchipua! Akasema mvua ile iliombwa katika nyumba ya Papa Olive, nyumba iliyo wazi kwa mbingu. Vigelegele! Hata Aloys alipiga makofi, polepole.

Nikasimama. Sikujua nitasema nini, maneno yalikuja yenyewe. Nimetangaza mbele ya parokia nzima kwamba chumba cha nne hakitaezekwa kamwe. Kitabaki wazi, ni cha shirika, kila Alhamisi. Christophe nimemwambia Jumatatu asije.

Yolande hajasema neno tangu kanisani. Nadhani anasali.