Raba za Sponji na Kisigino cha Mbao

Kisigino hakuwaona wanaume tisa waliokuwa wakihema chini ya vyuma. Aliona jozi tisa za raba.

Alisimama kwenye dirisha la ukumbi wa mazoezi akijifanya anafunga kamba ya kiatu, na macho yake yakapita vifua, mikono na mishipa ya shingo bila kusalimia, yakatua sakafuni. Raba mpya! Za kijani, za rangi ya chungwa, soli zimeumuka kama mkate. Watu wazima wanatoka jasho, na kila mmoja amekanyaga mali ambayo ingeuzika sokoni kabla jua halijazama. Kuziacha pale kungekuwa ufujaji.

Yeye mwenyewe hakuwa na kitu ila mdomo na viatu. Suruali ilikuwa ya shemeji yake, shati la mteja wa dobi fulani asiye makini. Lakini viatu vilikuwa vyake: ngozi ya kahawia, vilivyoshonwa na marehemu mjomba wake, fundi viatu, na kisigino cha mbao ngumu kilichobisha hodi kabla mwenyewe hajafika. Ko, ko, ko. Aliyeusikia mlio ule alidhani anakuja meneja wa benki. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Kisigino, na ndiyo maana alilala navyo chini ya mto.

Ko, ko, ko, akaingia.

"Simameni hapo hapo! Mnataka kufa?"

Vyuma vikatua. Mwenye ukumbi, mama wa makamo mwenye taulo shingoni na mikono ya kuvuta ng'ombe, akamtazama juu hadi chini. Huyu walimwita Mama Chuma, naye hakuwahi kupinga.

"Shikamoo, mama," Kisigino akalainika.

"Marahaba. Wewe nani, baba?"

"Mtaalamu wa nyayo." Cheo hicho kilizaliwa sekunde ile ile. Akamgeukia mnyanyuaji mkubwa kuliko wote, Tingatinga, aliyekuwa na mwili wa lori na miguu midogo kama ya bi harusi. "Ndugu yangu, hebu chuchumaa nikuone."

Tingatinga akaweka chuma mabegani, akachuchumaa. Visigino vikanyanyuka, magoti yakagongana, akayumba kama mlevi anayetafuta choo.

"Umeona? Niambie, unaweza kusimama juu ya godoro na ndoo ya maji kichwani?"

"Wapi! Nitaimwaga."

"Basi ndicho unachofanya. Hizo ni raba za kukimbilia, ndani sponji tupu. Ukisukuma chini, sponji inakunywa nguvu zako, chuma kinakucheka. Mnyanyuaji anataka soli ngumu isiyobonyea."

Maneno hayo aliyatunga papo hapo, na moyoni akajipongeza kwa uongo uliokaa vizuri namna ile.

Wanaume wakatazamana. Jumamosi walikuwa na shindano na ukumbi wa mtaa wa pili, ambao mara ya mwisho uliwagaragaza mbele ya wake zao.

"Nina fundi wangu," Kisigino akaendelea. "Anang'oa sponji, anaweka soli ngumu. Ijumaa jioni mnazo. Bure."

"Bure?" Mama Chuma akainua nyusi. "Na wewe unakula nini?"

"Sifa, mama. Huwa nashiba kabisa."

Neno bure likafanya kazi yake. Gunia likaletwa.

"Ngoja kwanza," Mama Chuma akasema. "Mpaka hiyo Ijumaa, wanangu watanyanyua na nini?"

"Pekupeku. Sakafu haibonyei."

"Na huyu ambaye visigino vinanyanyuka?"

"Huyo vifundo vya miguu vimekaza." Ulimi ulikuwa umeshika mteremko na breki hakuna. "Anahitaji kiatu chenye kisigino kigumu, kilichoinuka kidogo, ili akishuka mguu wote ukanyage."

Mama Chuma akainamisha macho, polepole. Ukumbi mzima ukayafuata.

"Kama hicho?"

Kisigino akarudisha mguu nyuma. "Hivi ni vya kutembelea tu, mama."

"Vinabonyea?"

"Havibonyei, ila..."

"Unavaa namba ngapi?"

Yeye na Tingatinga walivaa namba ile ile. Tingatinga alikuwa ameshakaa kwenye benchi, mguu mbele, kama mtoto anayevalishwa kwenda shule.

Kukataa kungekuwa kukiri. Kisigino akapiga hesabu: jozi tisa huku, moja kule. Akainama kufungua kamba, vidole vikigoma, huku nyuma yake Mama Chuma akiwasimamia vijana wajaze gunia. Akatoka na mzigo begani na kandambili za bafuni miguuni, alizoazimwa kwa huruma. Chap, chap, chap. Hakuna aliyedhani ni meneja wa benki.

Sokoni, dada muuza viatu akamwaga gunia juu ya turubai. Akageuza raba moja, akageuza nyingine, kisha akacheka mpaka akashika kiuno.

"Kaka, wateja wako wote wana mguu mmoja?"

"Una maana gani?"

"Hizi zote ni za kushoto!"

Kisigino akakaa juu ya gunia tupu. Akakumbuka alivyoinama, na minong'ono aliyoisikia nyuma yake akadhani ni shukrani. Raba asingezililia. Lakini usiku ule alipapasa chini ya mto na hakukuta kitu, na usingizi ukakataa katakata.

Jumamosi akarudi na gunia lake. Ukumbi ulikuwa umefurika, wapinzani upande mmoja na kocha wao. Katikati alisimama Tingatinga, chuma kimepinda mabegani kwa uzito, na miguuni ana viatu vya mjomba.

Akashuka. Visigino havikunyanyuka. Magoti hayakugongana. Akafika chini kabisa, akatulia kidogo kama anayekumbuka jambo, kisha akapanda mpaka akasimama wima. Watu wakalipuka, na Kisigino akajikuta anapiga kelele kuliko wote.

"Si nilisema? Si nilisema, jamani?"

Akashtuka mwenyewe. Tangu azaliwe, hakuna neno lake lililowahi kugeuka kuwa kweli.

Mama Chuma akamvuta pembeni. "Karibu, mtaalamu. Gunia weka hapo, zikutane na wenzao wa kulia. Viatu vyako utavipata, ila kwa sharti." Akaonyesha kwa kidevu. Kocha wa wapinzani alikuwa amepiga magoti mbele ya Tingatinga, akikigonga kile kisigino kwa ukucha. "Wale wameanza kuelewa, na sitaki watuige. Simama katikati useme yale ya soli yalikuwa uongo mtupu, uombe radhi. Kwako wewe hiyo si kazi."

Kweli haikuwa kazi. Kisigino alikuwa ameshawaomba radhi wenye nyumba, wakwe, polisi na paka mmoja. Kwake radhi ilikuwa kama kijiti cha meno: unatumia, unatupa. Akaenda katikati. Tingatinga alikuwa ameshavua viatu, amevishika tayari.

"Jamani," akaanza, "nimeambiwa niseme kwamba niliwadanganya."

Akavitazama viatu. Akamtazama kocha, bado yuko magotini mbele ya kazi ya mjomba. Kifua kikamjaa kitu asichokizoea.

"Nia yangu ilikuwa chafu, hilo muulizeni mama. Lakini maneno ni ya kweli. Sponji ni ya kukimbilia. Kwa chuma, soli ngumu au pekupeku. Vifundo vikikaza, kisigino kiinuke. Nyie wa upande ule, mmesikia?"

"Radhi, baba!" Mama Chuma akafoka. "Radhi, au viatu vinabaki!"

Kisigino akaziweka sawa kandambili zake, akageukia mlango.

"Vibaki," alisema. "Siombi."