Banda la Kufulia Lapewa Cheti

Wananchi wa Pietralarga na wapita njia wote, Halmashauri ya Mji ina furaha kubwa kuwatangazia kwamba sanaa imeruhusiwa. Imeruhusiwa kwa wingi wa kura, baada ya mjadala mrefu kuhusu iwekwe wapi ili isizuie watu kupita.

Mimi ndiye Katibu wa Kamati ya Mapokezi ya Sanaa, kwa hiyo nazungumza kwa mamlaka. Nilichaguliwa kwa sababu mwandiko wangu unasomeka, na pia kwa sababu siku ile sikuwepo kukataa.

Sanaa yenyewe ililetwa na Bi Nives Torrigatti, mzaliwa wa hapa hapa, ambaye kazi zake za picha, sauti na mwanga zimeonyeshwa Torino, Lisboni na kwingineko ambako watu wana nafasi. Safari hii alirudi kwa ajili ya Banda la Kufulia, lile la mawe chini ya kanisa, ambako mama yake, Bibi Ersilia, alifua nguo za nusu ya mji kabla mashine hazijaingia. Meya wetu, Mheshimiwa Ivano Scarpellotti, alikuwa na mpango wa kulibomoa ajenge maegesho ya mabasi ya watalii.

"Watalii watakuja kuona nini?" Bi Nives alimuuliza.

"Maegesho," akajibu Meya. "Ya kisasa kabisa."

Bi Nives akaomba aachiwe banda hadi sikukuu ya Mtakatifu Roko. Watu walisikilize kwanza, halafu waamue wenyewe kama linastahili tingatinga. Hakuomba kingine.

Ombi lake aliliandika kiungwana: "opera ya sauti na maji". Sasa, kwa lugha yetu opera maana yake ni kazi, kazi yoyote ile: opera ni mchoro wa ukutani, opera ni daraja, na opera ni mtaro wa maji machafu. Ofisi ya sanaa hatuna. Ofisi ya madaraja tunayo. Ombi likatua kwa Mhandisi Pizzighella wa Kazi za Umma, mtu ambaye hajawahi kurudisha kitu kilichokwisha kupigwa muhuri. Banda likazungushiwa wavu wa rangi ya chungwa, Bi Nives akavishwa kofia ngumu, na mahojiano yakaanza.

"Hii picha itakayokaa ukutani ina uzito gani?"

"Ni mwanga, mhandisi. Haina uzito."

"Bibie, ukuta hauwezi kubeba kitu kisicho na uzito bila kibali maalumu."

"Basi andika sifuri."

"Sifuri ya kilo au ya tani?"

Wakaafikiana kilo, kwa usalama.

Meya alipopata habari alifurahi sana. Kwa kitu cha muda, meya hupeana mikono tu na kupigwa picha. Utepe hukatwa kwa Kazi ya Umma ya Kudumu, yenye cheti na kibao cha marumaru kilichochongwa jina la aliyesaini. Na uchaguzi ulikuwa umeanza kunukia.

"Andikeni ya kudumu," akaagiza. "Kudumu ni neno tu."

Siku ya ukaguzi wa mwisho tukaingia bandani sote na kofia zetu ngumu. Nilikuwa nimembeba mwanangu Tobia, maana Agosti kituo cha watoto hufungwa pamoja na akili za watu wazima. Naye alivishwa kofia, ikamfunika hadi mabegani, akawa anacheka peke yake humo ndani.

Bi Nives alitueleza kila kitu bila kuficha. "Chini ya mawe haya kuna vinasa sauti. Wanawake waliofua hapa hawakuwa na siri. Neno likiponyoka, maji yalishalichukua. Nami nimefanya vilevile. Kila kitakachosemwa hapa maji yatakishika, na siku ya sikukuu yatakirudisha, pamoja na sauti za wafuaji nilizozikusanya kwenye kanda za zamani."

Tulitikisa vichwa, kama watu wanavyotikisa vichwa wakielezwa sanaa. Mhandisi akaandika: Maji, yapo.

Kisha Bi Nives akatolewa nje, kwa kuwa viatu vyake havikuwa na chuma mbele ya vidole. Hapo Meya akaegemea jiwe la kufulia, akaanza kuongoza.

"Huyu kichaa tumwachie sikukuu yake. Jumatatu, wakiwa wamelala na matumbo yao ya lasanya, tingatinga linaingia. Mhandisi atagundua ufa."

"Wa upana gani?" akauliza Mhandisi.

"Wa kutosha. Hawa kondoo wataamka wakute maegesho, na watashangilia."

"Na Bibi Ersilia?" nikauliza. "Ameapa atajilaza mbele ya tingatinga."

"Kikongwe yule? Tumsubiri kidogo tu, atajilaza mwenyewe."

Kwenye kumbukumbu za kikao niliandika: Mheshimiwa alionyesha subira kwa wazee. Tobia alikuwa bado anacheka kofiani.

Sikukuu ikafika. Uwanja mbele ya banda ulijaa, nguruwe wa kuchoma alinukia hadi madhabahuni, bendi ikapiga wimbo wake ule ule. Meya, na mshipi wake wa umeya wenye rangi tatu za bendera kifuani, akakata utepe. Maji yakafunguliwa.

Ukutani mawimbi ya mwanga yakaanza kucheza. Tukasikia nguo zikipigwa juu ya mawe, mwanamke akimwita mwanawe aje kula, mwingine akicheka hadi akakohoa.

"Zelinda huyo!" Bibi Ersilia akaruka kwenye kiti chake cha magurudumu. "Jamani, Zelinda! Kicheko hicho tulikizika naye!"

Bi Nives akamshika mama yake mkono. Uwanja mzima ukasogea karibu na maji, hata mimi nikasahau cheo changu.

Ndipo maji yakasema, kwa sauti iliyotulia ya kiongozi: "Hawa kondoo wataamka wakute maegesho, na watashangilia."

"Zima!" Meya akafoka. "Pizzighella, zima!"

"Haizimiki, Mheshimiwa. Ni Kazi ya Umma. Kukatiza huduma ya umma ni kosa la jinai, na anayewajibika ni aliyesaini."

"Nani amesaini?"

Mhandisi akaonyesha marumaru.

Maji hayakungoja. "Tumsubiri kidogo tu, atajilaza mwenyewe." Halafu kikafuata kicheko cha Tobia, kikivuma kama kinatoka kisimani.

"Ivano!" akaita Bibi Ersilia. "Mama yako alikufundisha nguo chafu zifuliwe nyumbani. Lakini wewe, mwanangu, nepi zako zote nimezifua hapa hapa. Maji haya hujaanza kuyachafua leo."

Mpiga tarumbeta akalia, "Meee!" Bendi ikaitikia. Kisha uwanja wote, paroko akiwemo.

Jumatatu tingatinga halikuja. Mhandisi alikagua banda upya kutafuta ufa, akatoka na jibu kwamba kazi ni ya kudumu, na mzigo wa ukuta ni sifuri ya kilo.

Nafurahi kuarifu kwamba malengo ya Meya yametimia: mabasi ya watalii yanakuja. Pa kuegesha hakuna, hivyo yeye mwenyewe husimama barabarani na mshipi wake, akiyaongoza kwa filimbi.

Asubuhi na mapema, kabla hayajafika, huteremka bandani kuyaambia maji maneno mazuri, akitumaini yatafuta yale ya kwanza. Bi Nives alimweleza kwa upole kwamba maji hayafuti, huongeza tu. Kwa hiyo siku hizi, baada ya kondoo na baada ya kicheko cha mwanangu, watalii husikia sauti ya mtu mzima ikinong'ona: "Wapendwa wananchi... wapendwa... Bibi Ersilia, hujambo?"

Na Bibi Ersilia, aliyetengewa nafasi ya kiti chake pale mlangoni, huitikia kila mara:

"Sijambo, mwanangu. Bado sijajilaza."