Ramani ya Vigingi Shambani kwa Mama

Jumatatu, 11 Agosti 2025
Nimepanda Werugha kwa mama. Si kupumzika! Jumamosi klabu yetu ya kompyuta pale Voi inachagua mwalimu wa darasa la likizo: ni yule atakayeleta ramani kamili ya Jumba la Vyumba Arobaini. Mchezo huu wa kompyuta hauna picha hata moja. Unasoma kwamba uko jikoni, mlango uko kaskazini, kisha unaandika unakotaka kwenda. Bila ramani unapotea. Nasiha, mpinzani wangu, anachora kwa penseli kwenye daftari. Maskini. Mimi nimejaribu programu tatu za kuchorea ramani. Zote zinabana vyumba mpaka havisomeki. Kioo cha laptopu ni kidogo. Shamba la mama ni kubwa.

Jumanne, 12 Agosti
Vigingi vya mbao na kamba ya katani! Kigingi ni chumba, kamba ni njia. Nacheza hatua moja, natoka mbio kupigilia. Kufikia saa sita, vyumba kumi na tisa katikati ya kabichi. Ramani unayoweza kutembea ndani yake! Jirani yetu Pauline alisimama uani akatazama weee, akaenda zake bila kusalimia. Wivu.

Jumatano, 13 Agosti
Mama amenikatia chai. Ameuliza ni nani aliyenituma kugawa shamba na yeye bado anapumua. Kumbe Pauline ameeneza kwamba napima urithi. Nikaeleza kwamba lile ni jumba. Akauliza la nani. Nikasema la kompyuta. Akaenda kumtafuta naibu wa chifu.

Alhamisi, 14 Agosti
Kaka yangu mkubwa, Thadeus, ametokea Kishushe ghafla, ameacha ng'ombe wa watu huko. Mpole ajabu. Akaomba nimwonyeshe mipaka. Hatimaye mtu anayependa kazi yangu! Nikamwonyesha: hapa maktaba, hapa ghala, pale alipokanyaga ni shimo la nyoka. Akauliza kwa nini yeye ndiye apewe shimo la nyoka. Nikacheka. Hakucheka.

Ijumaa, 15 Agosti
Vyumba arobaini vimetimia! Nimepanda juu ya tangi la maji, nikapiga picha. Kamba ya ghala imeuzunguka mparachichi mkubwa. Sikumbuki kuipitisha hapo, lakini inapendeza. Naibu wa chifu akaja, akaamuru ning'oe kila kitu. Nikang'oa nikiimba. Picha ninayo, chai nimerudishiwa.

Jumamosi, 16 Agosti
Fedheha! Abdulbasit, mwenyekiti wa klabu, alijaribu kila ramani ndani ya mchezo wenyewe. Ya Nasiha ilimfikisha mlango wa mwisho kwa dakika kumi. Yangu ilimtumbukiza shimo la nyoka mara tatu. Nikampigia Thadeus. Akakiri bila haya: alihamisha vigingi sita ili mparachichi uangukie upande wake. Nasiha akanipa pole na kunishauri ninunue daftari. Nililitaka darasa lile jamani. Imeniuma.

Jumapili, 17 Agosti
Nimetafakari muda wote wa mahubiri. Kosa nimeliona: mbao! Mbao zinang'oka. Desemba klabu inachagua tena, na fundi Musyimi ameanza kunitengenezea nguzo arobaini za saruji, za kuzikwa futi mbili. Mama nitamwambia zikishasimama. Thadeus nimemwomba aje kuchimba mashimo. Amekubali kabla sijamaliza kuomba, tena anakuja na jembe lake. Kaka mwema sana.