Kiti ya Nyuma Mpaka Kapolowe

Siku ya kazi moja, tarehe 12 juni 1995

Habari kubwa! Père Lambert alitangaza jana ku misa: siku ya posho, mwisho wa hii juma, tukutuku zote za parokia zitaenda Kapolowe. Yamaha, Honda, mpaka Vespa ya mwalimu wa kwaya. Kila moja itabeba muzee mumoja aliyepigana vita ya Abisinia. Bazee bapewe heshima, baonane na batoto ya masomo pale misheni. Bantu bakapiga makofi. Minye sikupiga. Roho ilisharuka, iko Kapolowe tayari.

Juu mutoto yangu Jaël njo kule anasoma! Mwaka wa kwanza. Tangu kazi ya bwana yangu Clovis ilisimama na yeye akaenda Zambia kutafuta ingine, unga ya hapa Kikula haitutoshe. Nilimupeleka Jaël kwa nkambo yake, mama ya Clovis, kwenye muhogo na samaki. Nilimuambia ni ya siku kidogo. Ni tangu Noeli.

Kesho nitaomba nafasi. Nani atamukatalia mama?

Siku ya kazi mbili, tarehe 13 juni

Amenikatalia. Père alisema nafasi ya bamama ni paka moja tu, ya mupishi, na imeshatolewa. Kwa nani? Kwa Hortense, jirani yangu, présidente ya bamama wa parokia! Hana mutoto Kapolowe, hana hata shangazi. Alipita mbele ya mulango yangu na sufuria ku kichwa, akasema eti pole sana, Mama Jaël, atanisalimia samaki.

Nilikaa, nikamunyonyesha Hénoc, nikafikiri. Akili ikaja! Muzee Casimir wa nyumba ya nyuma alifika Abisinia, na mikono inamutetemeka. Muntu anayetetemeka anapashwa kushikwa. Nikarudi mbio kwa Père. Akakuna ndevu. Akasema kama muzee anakubali, na kama anavaa uniforme safi, nitakaa nyuma yake nimushike.

Kumbe mwenyewe hataki! Akasema Abisinia alienda kwa miguu akarudi muzima, sasa nataka afe na Honda? Nikamuahidi samaki ya Kapolowe. Akauliza mukubwa ao mudogo. Nikasema mukubwa. Akaanza kutafuta kofia.

Siku ya kazi ine, tarehe 15 juni

Uniforme. Shati na kaptula ya kaki, zimelala mu sanduku tangu wakati wa Mubelgiji. Nilizifua. Nikazipiga amidon ya uji ya muhogo ili zikaze, nyepesi, vile mama alinifundisha. Halafu nikaona nyepesi haifai kwa muntu aliyeshinda vita. Nikaongeza unga yote ya mangaribi. Tutalala na chai, haizuru. Zilipokauka, kaptula ilisimama yenyewe!

Niliingia kumubadilisha Hénoc. Kutoka inje: mbuzi ya Hortense anatafuna mukono wa shati. Mbuzi nimulaumu namna gani? Ile shati ilikuwa chakula kuliko sahani nyingi za Kikula. Nikapiga kelele. Hortense akatoka, akasema eti mbuzi wake ana tumbo laini, akiugua nitajibu minye. Minye nijibu!

Nikakata pagne yangu ya ndoa, nikashona mukono mupya. Maua ya njano. Muzee akaiangalia, akasema Abisinia hawakuvaa maua. Nikamuambia ni alama ya cheo. Akainua kidevu.

Siku ya posho, tarehe 17 juni

Posho! Jina ilibaki, posho yenyewe, ile unga kampuni iligawa siku hii, ilishakufa. Baridi mbaya asubuhi. Tukutuku zikapangwa mbele ya kanisa, moshi, kelele, bazee na medali zao. Muzee Casimir hakuweza kukaa: kaptula ilikuwa mbao. Alexis, mwenye Honda, akamuinua kama meza na kumuweka. Kaptula ikalia kraa! Minye nikapanda nyuma, nikamukumbatia muzee, Hénoc mugongoni chini ya kitenge nzito juu ya baridi.

Tukatembea! Nilicheka peke yangu. Niliwaza paka mikono ya Jaël tu, kama imenenepa.

Ku barrière ya mwisho wa muji, askari akasimamisha bote. Akaona medali, akapiga saluti. Akasema batatu ku tukutuku moja ni makosa, lakini kwa heshima ya baba wa vita, mupite. Njo Hénoc akalia. Askari akageuka, akainua kitenge. Akasema batatu alishasamehe, bane hata askofu hapite.

Alexis akaniangalia. Nikashuka. Nikafungua kitenge, nikamufunga muzee ku mugongo ya Alexis, vizuri, kama mutoto. Hortense akapita na sufuria zake. Hakunicheka. Njo ile iliniumiza zaidi.

Nilirudi kwa miguu, Hénoc ndani ya tricot yangu ya sufu, amelala, hana habari.

Siku ya Mungu, tarehe 18 juni

Muzee alinijia leo kisha misa. Nikamuuliza juu ya Jaël mbele ya kumusalimia. Akasema iko na mashavu. Meno ya mbele yametoka. Alitaka kunitumia kitu, hakuna karatasi, njo akaomba biki ya mwalimu na kuandika ku ngozi ya mukono ya muzee. Muzee alikunja ule mukono mu kifua njia yote. JAËL. Herufi L inaangalia nyuma.

Ni yeye aliandika. Aliondoka hapa hajui hata kushika kalamu. Ile A nilitaka nimufundishe minye.

Nilishika ule mukono mpaka muzee akalalamika ana njaa. Nimemukataza kuoga. Aliuliza mpaka lini. Nikasema tutaona.

Sasa sikia! Dodo, kapiteni wa timu ya parokia, anasema mwezi wa saba batacheza mpira Kapolowe. Bataenda na kamyo, gari kubwa ya mizigo. Hawana soigneur, ule anayekimbia na maji muchezaji akianguka. Minye! Nitamuambia nilifanya hii kazi Kolwezi. Kolwezi sijafika. Akiuliza kama najua kufunga kifundo ya muguu, nitasema sana. Muguu ni muguu. Na Hénoc nitamulalisha mu sanduku ya dawa, nitoboe matundu ya pumzi. Hatalia. Ni mutoto mupole.